Siku Niliyowapa Wazee wa Daraja Maji ya Kunawa

Swali lililoninyima usingizi siku tatu mfululizo, na ambalo hata leo nikilitaja nafunika uso kwa kiganja, lilikuwa hili: Mwislamu akitumwa na ofisi yake kununua pombe ya kuwamwagia wazee waliokufa, dhambi inaandikwa kwake au inaandikwa kwa ofisi? Chekeni, nimezoea. Mimi nililigeuza swali hilo upande huu na upande ule kama chapati mpaka likaungua, na badala ya kumwuliza mtu mwenye akili zake nikalijibu mwenyewe, na jibu hilo langu la kisomi ndilo lililonisimamisha juu ya daraja la mawe kule kisiwani Nosy Be, mbele ya kijiji kizima, mkuu wangu wa kazi, na haji mmoja mwenye haki zote za kunizaba kibao, huku mikono yangu ikinukia kama ya bibi harusi.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Mahajanga, wa familia iliyotoka Ngazija zamani, nyumba ambayo pombe haijawahi kuvuka kizingiti hata ikiwa ndani ya tumbo la mgeni. Nilisoma historia katika chuo cha hapohapo Mahajanga, nikafaulu, mama akakitia cheti changu fremu na kukitundika juu ya friji, na baada ya kukaa bure muda ambao sitautaja nikapata mkataba mfupi katika ofisi moja ya kutunza majengo ya kale (jina lake nalihifadhi, kwa kuwa bado tunaamkiana barabarani). Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenda Nosy Be kukagua daraja.

Daraja lenyewe liko ndani mashambani, mbali na hoteli na wazungu wao, katika kijiji ambacho pia nitakiacha bila jina kwa sababu kimeshateseka vya kutosha. Ni upinde mmoja wa mawe meusi juu ya kijito, umejengwa enzi za mashamba makubwa na watu ambao, naamini, hawakulipwa vizuri. Ng'ambo ya huku kuna miti ya langilangi, lile ua la manjano lenye vidole virefu. Ng'ambo ya pili kuna mtambo ambako maua huchemshwa yakatolewa mafuta ya manukato. Kila alfajiri wanawake wa kijiji huchuma, hubeba vikapu, huvuka daraja, hufika mtamboni jua likiwa bado changa. Ni lazima wawahi, maana ua la langilangi likipigwa na jua ndani ya kikapu hugeuka kahawia, na la kahawia mtambo haulipokei. Basi, hayo ndiyo maisha ya daraja lile, na lilikuwa limeyamudu kwa umri wa mabibi na mababu wote bila kumsumbua mtu, hadi serikali ilipolitangaza kuwa urithi wa taifa na mimi nikatumwa kulilinda.

Nilifika, nikalizunguka, nikajipenyeza chini yake hadi magotini majini, nikaona jiwe moja la upinde limelegea kidogo. Mtu wa kawaida angeandika: "Jiwe moja limelegea kidogo." Mimi nikaandika kurasa tisa. Nikaeleza litakuwaje mvua ikinyesha, litakuwaje likipita gari la ng'ombe, litakuwaje yakikutana magari mawili na ng'ombe wenyewe wawe hawapatani. Mkuu wangu aliyekuwa Mahajanga (mtu mzuri, ila anasoma ripoti kuanzia mwisho, na mara nyingi huishia hapohapo) aliusoma ukurasa wa tisa, akashtuka, na wiki iliyofuata daraja likafungwa minyororo pande zote mbili. Hivyo ndivyo nilivyolilinda. Lilikuwa linavukwa; nikalilinda; likawa halivukwi.

Wachumaji wakaanza kupita njia ya kuzunguka, kupitia mashamba ya miwa, saa nzima na nusu yake, na wanapofika mtamboni nusu ya maua yameshageuka rangi ya chai. Kiongozi wao alikuwa Mama Soa, mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mpiga makasia na ulimi ambao ungeweza kumenyea muhogo. Siku niliporudi kijijini alinipokea mwenyewe.

"Karibu, Msomi," aliniambia kwa Kisakalava, lugha ya pale, huku akinionyesha kikapu. "Tazama maua yetu. Kabla hujatusaidia yalikuwa manjano."

Nikamwambia kwamba ofisi imekwisha kupata fundi na chokaa, kwamba jiwe litarudishwa mahali pake kwa siku mbili tu na minyororo itaondolewa, mradi karatasi moja isainiwe. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza karatasi gani, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Ni hivi. Mguu wa mashariki wa daraja umekaa karibu na jiwe lililosimamishwa, lililofungwa kitambaa cheupe, ambapo kijiji huongea na wazee wake waliotangulia. Fundi, mwenyeji wa palepale, alisema hataweka mwiko wa chokaa kwenye mguu ule kabla wazee hawajapewa taarifa. Ofisi nayo ilisema haitoi ruhusa kabla mwenyekiti wa kijiji hajasaini kwamba wananchi wameridhia. Na mwenyekiti akasema atasaini wazee wakishaambiwa, papo hapo, darajani. Mkuu angekuja kutoka Mahajanga kushuhudia, angelala mjini Hell-Ville usiku mmoja na kuondoka na boti ya asubuhi, na safari nyingine ya ofisi ingekuwa baada ya masika. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya juu ya milima ya bara. Saini isipopatikana siku hiyo, daraja lingebaki na minyororo yake masika yote, na njia ya miwa ikinyeshewa haipitiki hata na mbuzi.

Wa kuzungumza na wazee alikuwa Zama Tombo. Zama ni mjomba, na kijiji kizima kilimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Msidhani alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe. Alikuwa na miaka kama hamsini, kazi yake kuchochea moto wa mtambo, nyusi zake zimeungua, na fulana yake imeandikwa jina la timu ya mpira ambayo hata haipendi. Alinipa siku (si Jumanne, Jumanne kwao ni mwiko), kisha akanipa masharti.

"Ofisi ndiyo iliyofunga, kwa hiyo ofisi ndiyo ibishe hodi. Mlete chupa."

"Chupa ya nini, Zama?"

"Ya maziwa ya mtoto. Ya toaka, Msomi! Ramu ya hapa hapa. Hujui kitu kinachoitwa toaka?"

Nilikijua. Nikacheka kama mtu aliyeona mengi duniani, nikasema hakuna shida kabisa, na nikaenda zangu kutengeneza shida.

Nilikuwa nimefikia kwa Shangazi Zaituni, dada yake baba, pale Hell-Ville, mji ambao ukipiga chafya sokoni utaombewa afya bandarini. Nikaanza kufikiri. Nikiingia dukani kununua toaka, nitaonekana. Nisipoonekana, Mungu ameniona. Nikimtuma dereva wa bajaji, nimemtia mwenzangu dhambini, tena dereva wa bajaji, mtu ambaye mdomo wake hauna breki kama bajaji yake. Nikiiandikia ofisi imtume mtu mwingine, fomu ya ofisi haina sehemu ya kujaza haja za marehemu. Nikasoma, nikapima, nikalala bila kulala. Siku ya tatu asubuhi nikaingia jikoni kunywa maji, nikaziona chupa mbili zimesimama kando kwa kando kama mashahidi wa ndoa.

Ya kwanza ilikuwa chupa kubwa ya maji ya langilangi, yale yanayobaki mtamboni mafuta yakishatolewa, ambayo shangazi huwamiminia wageni mikononi baada ya kula. Meupe, safi, yanang'aa. Ya pili ilikuwa chupa ya ramu, yenye lebo yake na picha ya mwanamke anayetabasamu, ambayo shangazi aliiokota nje ya hoteli, akaiosha (mara saba, aliniapia) na kuwekea mafuta ya nazi. Ilikuwa karibu tupu.

Sasa sikilizeni hoja, maana nataka mjue elimu imenifikisha wapi. Toaka ni nyeupe, na maji ya langilangi ni meupe. Wazee wamekufa, hawalewi. Kinachotakiwa ni nia, na nia yangu ilikuwa njema kupita kiasi. Na harufu? Hapo ndipo nilipojipigia makofi: kijiji kile chote kinanuka langilangi, nguo, nywele, hata kuku wao, basi nani atagundua harufu ya langilangi katikati ya langilangi? Nilipata shahada kwa hoja dhaifu kuliko hiyo. Nikaisuuza chupa ya ramu haraka haraka (mara moja, si saba), nikamimina, nikafunga, nikaosha mikono ambayo haikukubali kuacha kunukia, na usiku ule nikalala kama mtoto.

Siku ikafika. Kijiji kizima kilikuwapo darajani. Mikeka ilitandazwa, mikeka mizuri ya msikiti, ambayo Haji Karimu aliikodolea macho mpaka kila mtu alipovua viatu. Haji Karimu huuza vitambaa Hell-Ville, ni mtu wa sala tano na ya sita ya ziada, na alikuwa pale kwa sababu mikeka ni dhamana yake na kwa sababu mkewe ni dada yake Mama Soa. Ndivyo kulivyo Nosy Be, kila mtu ni shemeji ya mtu. Mimi hilo la ushemeji sikulijua. Nalitaja mapema ili mnionee huruma kwa wakati.

Mkuu alifika na suti na tai, jasho likimtiririka, amekwisha kuitoa kalamu mfukoni. Kwenye lile jiwe la kitambaa cheupe Zama Tombo akamwambia kwa upole avue viatu.

"Na soksi?" Mkuu akanong'ona.

"Na soksi, Mkuu. Wazee hawabagui."

Nikamkabidhi Zama chupa kwa mikono miwili. Yule mwanamke wa kwenye lebo alikuwa bado anatabasamu. Zama akageukia mashariki, sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayezungumza na wakubwa wake nyumbani kwao, na nitakiri kwamba nilisisimka. Aliwaita wazee kwa majina yao, mmoja mmoja. Akawaambia kwamba daraja linaumwa jino na fundi amekuja kulitengeneza, wasishtuke wakisikia nyundo. Akawaambia kwamba wajukuu zao wanazunguka njia ndefu na maua yanakufa njiani. Kisha akaninyooshea mkono.

"Na huyu ni mtoto wa Mahajanga, ndiye aliyeyahesabu mawe yenu. Hakuja mikono mitupu. Amewaletea toaka, ameichagua mwenyewe, ameileta kwa mkono wake mwenyewe. Pokeeni."

Nikaificha mikono yangu inayonukia nyuma ya mgongo.

Akamimina. Jua la saa nne lilikuwa limelipika lile jiwe jeusi tangu asubuhi, na maji yalipoligusa yakatoa mvuke, na mvuke ukatoa harufu, na harufu ikatembea mkekani taratibu, safu kwa safu, kama mtu anayesalimia wageni. Na mimi niliyesema hakuna atakayeitambua langilangi katikati ya langilangi! Nilikuwa nimechagua kuwadanganya kwa maji hayo watu pekee duniani ambao wameyanusa tangu siku ya kuzaliwa, watu ambao wangeweza kukuambia yametoka mtambo gani. Nikaona pua zinainuka. Nikaona Mama Soa anamtazama jirani yake. Juu ya jiwe, matone ya mafuta ya nazi yalikuwa yanang'aa.

Zama, ambaye moshi wa mtambo ulikwisha kumlainisha pua, hakuwa amejua bado. Akapiga funda ili awapulizie watu baraka. Mashavu yakajaa. Akasimama hivyo. Akanitazama, mashavu yamejaa, nyusi zake zilizoungua zimepanda hadi katikati ya kipaji, na nikajua anatafuta mahali pa kutema, na kwamba mahali pale hapatemwi. Akameza.

"Msomi," alisema. "Umewaletea wazee wetu maji ya kunawa?"

Mama Soa akasema, si kwa sauti ndogo, "Wali uko wapi basi? Mikono imeshanawishwa."

Watu wakaangua kicheko. Bibi mmoja alicheka hadi akamlalia mwenzake. "Waacheni wazee wanukie, nao wana harusi leo!" mwingine akapiga kelele. Mkuu, ambaye Kisakalava chake ni cha kuagizia chakula, alidhani sherehe imefikia kilele, akapiga makofi. Makofi peke yake. Akapiga kwa muda mrefu kweli.

Hapo, ndugu zangu, mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Wanacheka. Ningesema tu, "Nisameheni, niliona haya kununua," wangenicheka wiki nzima na mambo yangekwisha. Lakini kichwa changu hakipendi milango, kinapenda madirisha. Nikasema nimeuziwa.

"Nimetapeliwa, Zama! Mimi nilinunua toaka. Mwenye duka ndiye aliyeniuzia maji."

"Duka gani?" Zama akauliza.

Swali jepesi mno, na mtu aliyewahi kununua toaka angekuwa na jibu. Mimi katika Hell-Ville nzima nilijua jina la duka moja tu, duka ambalo shangazi alinituma mara mbili kununua vitambaa, na jina hilo likatoka mdomoni kabla sijapata nafasi ya kulifikiria, mimi ninayefikiria kila kitu.

"Kwa Karimu," nikasema.

Kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa kisu. Watu wote, na nasema wote, hata mtoto mgongoni mwa mama yake, wakageuka kutazama mwisho wa mkeka wa kwanza, ambako mtu mmoja mwenye kanzu na kofia alikuwa anainuka polepole, akijifuta magoti.

"Kwangu?" alisema Haji Karimu. "Mimi nimekuuzia toaka? Kwa mita, au kwa doti?"

Nikainama, nikaanza kuhesabu mistari ya mkeka.

"Nilikuuzia kitambaa cha pazia la shangazi yako," akaendelea, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko kibao. "Cha maua mekundu. Nikakupunguzia. Leo unasimama mbele ya shemeji zangu, juu ya mikeka ya msikiti, unasema mimi nauza pombe?"

"Shemeji, kaa," Mama Soa alimwambia, naye sasa hacheki tena. "Anadanganya. Haya maji ni ya Zaituni, amenimiminia mikononi mwenyewe mwezi uliopita."

Zama Tombo alikuwa amelishika lile jiwe kwa kiganja, kama mtu anayemshika mgonjwa bega. Aliposema hakunitazama. "Maji si kitu, Msomi. Maji yanakauka. Ila nimewaambia ni toaka, nimewaambia umeichagua mwenyewe. Hawa ni wakubwa zangu. Umenifanya mwongo mbele yao, ndani ya nyumba yao."

Mwenyekiti wa kijiji, ambaye muda wote alikuwa ameishika kalamu ya Mkuu tayari, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine (na ilikuwa ya mtu mwingine), akamrudishia. "Leo hapasainiwi," alisema.

Mkuu alinivuta pembeni, hadi kwenye minyororo, bila viatu, soksi zimening'inia mkononi. Nikamweleza kwa Kifaransa, kwa ufupi, nikiacha sehemu zote muhimu. Alifikiri kidogo, akapata suluhisho, na lazima niseme lilikuwa suluhisho safi sana. "Andika kwamba wananchi wamekataa kwa sababu za kimila," alisema. "Hilo linaeleweka kila mahali, hakuna atakayeuliza. Faili linafungwa, kesho tunapanda boti, na keshokutwa tunakaa Mahajanga kuzungumza mkataba wako. Kwa ripoti nzuri, mkataba unajizungumza wenyewe."

Alikuwa anaivaa soksi yake ya kushoto. Nyuma yake nilimwona Mama Soa anakusanya mikeka, anaikung'uta, anaikunja vizuri kwa ajili ya shemeji yake, hamtazami mtu. Wamekataa. Masika yote, vikapu vinazunguka kwenye miwa, na kwenye karatasi imeandikwa kwamba wamekataa wenyewe.

Nawaambia kwa aibu kwamba hata hapo nilianza kupima, kwa upande mmoja hivi, kwa upande mwingine vile. Kisha Haji Karimu akapita mbele yangu na mkeka begani, akapita kama unavyopita mbele ya nguzo ya umeme, na kichwa changu, kwa mara ya kwanza maishani, kikanyamaza.

Nikarudi katikati ya daraja nikasema yote. Sikuandika kwanza, ndiyo maana yalitoka vibaya. Nikasema sikununua kitu. Nikasema niliogopa kuonekana na chupa, nikachukua maji ya shangazi bila ruhusa, nikayatia kwenye chupa ya mafuta yake ya nazi; kwamba Haji Karimu hajawahi kuniuzia chochote ila pazia; kwamba Zama aliwaambia wazee alichoambiwa na mimi, na uongo ni wangu peke yangu kuanzia kizibo. Nikasema pia kwamba zile kurasa tisa zilikuwa zangu.

"Zipi?" akauliza bibi mmoja.

"Za kufungia daraja."

"Ahaa," alisema Mama Soa. Neno fupi tu. Sitalisahau.

Kisha Zama Tombo akaniuliza jambo ambalo linaniwasha hadi leo. "Kwa nini hukusema tu kwamba wewe ni Mwislamu?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Nusu ya hawa waliokaa hapa wanasali. Karimu huyu, unadhani huleta nini tunapowaita wazee?"

"Asali," akasema Haji Karimu kutoka mbali, bado amenipa mgongo. "Miaka yote. Sisi huleta asali. Huyu hakuuliza."

Asali. Kulikuwa na asali kwa shangazi, kwenye rafu ileile, mkono wa kushoto wa chupa zile mbili. Siku tatu nimejiuliza maswali yote ambayo mwanadamu anaweza kujiuliza, na sikuwa na hata moja la kumwuliza mtu. Kama mnataka funzo la mkasa huu, hilo hapo, lichukueni, mimi limenigharimu.

Zama akasema jiwe lazima lioshwe kwa maji ya kijito, kisha itafutwe siku nyingine njema, na siku njema iliyo karibu ni baada ya wiki moja. Nikamwuliza mwenyekiti kama siku hiyo atasaini. Akasema wazee wakiombwa radhi na mwenye kosa mwenyewe, kwa mdomo wake, atasaini. Mkuu, aliyekuwa amekwisha kuvaa viatu, akasema boti ni kesho na mkataba wangu unaisha Ijumaa. Nikamwuliza kama fundi anaweza kuanza saini ikipatikana bila yeye kuwapo. Akasema, kwa kanuni, ndiyo, kama kuna mtu wa ofisi wa kushuhudia, na wiki ijayo ofisi haitakuwa na mtu Nosy Be. Nikamwambia atakuwepo mmoja, alipwe au asilipwe. Nikachukua fomu nikaegemea ukuta wa daraja, na palipoandikwa "Maoni ya mkaguzi" nikaandika mistari miwili, ripoti fupi kuliko zote nilizowahi kuandika: wananchi hawakukataa, kosa ni la mkaguzi, na saini itafuata wiki ijayo mbele yake. Mkuu aliisoma kuanzia mwisho, na kwa bahati mwisho na mwanzo vilikuwa karibu. Akanitazama kwa huruma unayomtazamia mtu anayeruka kutoka garini, akaitia sahihi yake chini, akaenda zake.

Habari ilifika kwa shangazi kabla yangu. Nilimkuta mlangoni. "Nasikia umempa Haji Karimu biashara mpya," alisema, na kabla sijafungua mdomo: "Kesho asubuhi unakwenda kumwomba radhi dukani kwake, mbele ya wateja. Na maji yangu ya wageni utayarudisha."

"Kesho asubuhi siwezi, shangazi. Nitakwenda adhuhuri."

"Una nini asubuhi?"

Nilikuwa na jambo. Nililiamua nikiwa kwenye bajaji, bila kuligeuza upande wa pili. Alfajiri nikaenda mashambani, viatu mkononi kwa ajili ya umande, nikawakuta wachumaji wameshajaza na wanajifunga vitambaa vichwani tayari kwa njia ya kuzunguka. Hakuna aliyenisalimia kwanza. Nikamwamkia Mama Soa, nikamwambia kwamba daraja nimelifunga mimi, kwa hiyo hadi litakapofunguliwa nitazunguka nao.

Alinitazama kuanzia miguuni hadi kwenye miwani. Akaninyanyulia kikapu, akanitwisha begani, akakaza kamba. Nikapiga hatua mbili.

"Ngoja, Msomi," aliniita, na akanitwisha kingine bega la pili.